Majike wa Bwawa la Abdoul

Mara hii ya tatu bwawa la Abdoul lilipokaushwa hakuonekana dume hata mmoja, na Sumaili akaondoka ukingoni mikono mitupu, bila kuaga. Watu waliokuja na beseni zao walimtazama akipanda kilima, kanzu yake imelowa tope hadi magotini, na hakuna aliyethubutu kumwita. Wanawake wakaendelea kuokota samaki kimyakimya, wakiwaacha wa mbegu dimbwini.

Kwa mtu asiyekaa upande huu wa Kabambare jambo lenyewe litaonekana dogo. Samaki ni samaki, atasema, mkaange mle. Lakini katika ukoo ule, bwawa likikaushwa, dume mkubwa kuliko wote hupelekwa kwanza kwa kaka mkubwa wa mwenye bwawa, kabla mtu mwingine hajatia chochote kwenye beseni lake. Jike hapelekwi, hata awe mnene namna gani. Tilapia wale huwalea watoto wao kinywani, na mtu mwenye heshima zake hapelekewi mama aliyefumba mdomo juu ya watoto wake. Basi mavuno ya kwanza Sumaili alipata dume mwembamba, mavuno ya pili kidume cha kutia huruma, na sasa ndiyo hivyo. Sumaili naye hakuwa mtu wa kumeza jambo likashuka.

Abdoul, mwenye bwawa, hakuwepo kuomba radhi. Alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu, shimo likamfunika yeye na wenzake, na hadi leo wamo humo chini. Ukoo ulifanya kama unavyofanya mtu wao akipotea mwili: walikata shina la mgomba, wakalivika nguo zake, wakalizika nyuma ya nyumba. Mjane wake, Victorine, alikaa eda ingawa yeye ni Mkristo, akafanya yote aliyoambiwa na mawifi zake. Ila kwenye kaburi lile hakurudi tena. "Miye sikuolewa na mugomba," alimwambia Chimène, mtoto wa marehemu dada yake.

Chimène huyo ndiye aliyepigiwa simu kesho yake. Alikuwa mwalimu wa biolojia katika chuo kimoja cha Kasongo, chuo chenye hadubini mbili, moja tu ikiwa nzima. Victorine ndiye aliyemlea, na Abdoul ndiye aliyemsomesha hadi Kisangani kwa samaki wa bwawa lile lile. Abdoul alikuwa akimwita "dokta" tangu hajajua kuandika jina lake. Habari za kifo zilipofika, Chimène alikuwa bado Kisangani kwenye mitihani, na mgomba ulizikwa bila yeye. Hakuwahi kumlilia. Alikuwa akingoja apate mahali pa kulilia, na mahali penyewe hapakuwepo.

Aliyepiga simu alikuwa Sonia, binti mkubwa wa Victorine. Alimwita yaya, yaani dada mkubwa, akisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha jikoni.

"Yaya, baba mukubwa Sumaili anasema mama njo alileta ile kitu. Anasema kwa mama kunazaliwaka tu wanawake, mu nyumba na mu maji. Wanataka kumurudisha kwao Kasongo."

"Na ninyi?"

"Siye ni watoto wa ukoo. Tutabakia huku."

Kweli Victorine alikuwa na mabinti tu, na Abdoul hakulalamika hata siku moja. Lakini Abdoul sasa alikuwa chini ya mawe, na ndugu zake ndio waliobaki na ulimi. Mwanamke anayerudishwa kwao kwa shutuma ya uchawi wa namna hiyo harudi peke yake; jina hutangulia mbele yake, na kule aendako hakuna atakayempa mtoto wake amshike. Chimène alijua hivyo. Akaomba ruhusa chuoni, akatafuta pikipiki.

Alikwenda moja kwa moja kwa Ayoubu, mzee aliyekuwa akisikiliza mashauri ya ukoo, mtu mpole mwenye jicho moja lenye ukungu. Akamsihi asikutanishe watu kwanza, ampe nafasi achukue samaki wachache akawatazame Kasongo.

"Utatazama nini?" Ayoubu akauliza.

"Ndani yao."

Ayoubu akafikiri sana. "Bon. Enda utazame. Ila ukiona kitu, utakuja kusema mbele ya watu wote. Siyo mu sikio yangu tu."

Chimène akakubali upesi. Aliona huo ni ushindi.

Alirudi Kasongo na samaki hai katika mifuko iliyojazwa hewa, akiifunika kwa shuka jua lisiiunguze. Chuoni aliwadunga dawa inayosimamisha seli katikati ya kugawanyika, akatoa figo zao, akazisambaza juu ya vioo na kuzipaka rangi ya zambarau. Kazi hii aliijua vizuri. Huko Kisangani alikuwa akiwafundisha wenzake. Mchana, jua likiwa kali na betri zimejaa, akaketi kwenye hadubini na kuanza kutafuta.

Katika kila seli ya samaki mmekaa kromosomu, vijiti vidogo mno vilivyobeba maagizo ya mwili mzima. Viko viwili viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama, na havipungui wala haviongezeki. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema, na hivyo ndivyo Chimène alivyowafundisha wanafunzi wake. Akaviona. Akavipanga kwa macho, jozi baada ya jozi, hadi kikabaki kimoja. Kilikuwa kirefu kuliko vyote, kimelala kando, hakina mwenzake. Akahamia seli nyingine, nacho kikawa kinamngoja. Akabadilisha kioo, akachukua samaki mwingine, kilikuwamo. Majike wote aliokuja nao walikuwa nacho.

Moyo ulimwenda mbio kwa furaha, na tusimlaumu. Alikuwa amesoma habari zake bila kutegemea kukiona kwa macho. Ni kromosomu ya ziada. Imeonekana kwa samaki wa jamaa ya tilapia, kwa panzi, hata kwa mahindi. Huanza na vipande vilivyokatika kwenye kromosomu za kawaida, vikashikana, na vizazi kwa vizazi vikaendelea kujiokotea vipande vingine mpaka vikawa kitu kizima. Mwili hauihitaji. Samaki anaweza kuzaliwa, kukua na kuzeeka bila hiyo. Lakini yai linapotengenezwa, nusu ya kila kitu huwekwa upande wa kutupwa, na yenyewe inajua kukwepa upande huo. Inabaki ndani ya yai, inakwenda kwa watoto kuliko haki yake. Na kwa kuwa ni kwenye mayai ndiko inakopenya, kuna samaki ambao kwao husukuma uzazi upande wake: watoto wanazaliwa majike.

Kwa hiyo hapakuwa na uchawi. Palikuwa na abiria tu, aliyepanda bila kuitwa na hataki kushuka.

Akataka kuhakikisha. Tilapia wa bwawa lile walitoka kwao Victorine, kwenye kijito nyuma ya Kasongo. Yeye mwenyewe aliwaleta ndani ya chungu siku alipoolewa, kwa kuwa mama yake hakutaka binti aingie kwa watu bila mbegu ya kwao. Chimène akaenda kwenye kijito hicho na wavu, akavua, akapima. Wengine hawakuwa nacho. Wengine walikuwa nacho, kile kile, kirefu na cha peke yake. Akapiga picha kwa simu juu ya jicho la hadubini, akacheka peke yake ndani ya chumba. Kitu kilikuwa cha kale, kimekuwamo majini kabla ya ndoa, kabla ya bwawa, labda kabla ya Kasongo yenyewe kuitwa Kasongo. Atakwenda kuwaambia hivyo na mambo yatakwisha.

Njia nzima hadi Kabambare alikuwa akiyapanga maneno yake. Pikipiki ilikwama topeni, dereva akasukuma na yeye akasukuma, na bado alikuwa akitabasamu.

Walikutana alasiri kwenye baraza la nyumba ya Sumaili. Wanaume walikalia viti, wanawake mikeka. Victorine aliwekwa karibu na ngazi, mahali pa mtu ambaye hajulikani kama ataingia au atatoka. Alikuwa amefunga kikwembe chake kizuri. Sonia na wadogo zake walikaa upande wa pili, kwa shangazi zao, tayari wametenganishwa naye.

Ayoubu akamwambia Chimène aseme.

"Mu mwili ya kila samaki muko kama vijiti vidogo sana," akaanza. "Njo vinasema samaki atakuwa namna gani. Viko viwili viwili, kimoja ya baba, kimoja ya mama. Sasa samaki ya baba mudogo Abdoul iko na kimoja ya zaidi. Haina mwenzake."

"Ile ya zaidi inafanya kazi gani?" Ayoubu akauliza.

"Hakuna kazi. Samaki anaweza kuishi bila yeye."

"Lakini anakaa mule ndani."

"Ndiyo. Anabebwa tu."

"Nani alimuweka?"

"Hakuna mutu alimuweka, mzee. Anajitengeneza. Vipande vinakatika ku wenzake wa mule mule, vinashikana, vinakuwa yeye."

Mtu mmoja nyuma akajikohoza. Chimène aliona wanamsikiliza, kila jicho liko kwake, na akazidi kuchangamka.

"Na samaki akitaka kuzaa?"

"Kila kitu kinagawanywa, nusu inatupwa. Yeye anakatala kutupwa. Anaingia mu yai, anaenda na watoto."

"Na pale iko yeye," Ayoubu akasema polepole, "wanazaliwa majike."

"Wengi, ndiyo."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya ngazi. Sumaili hakuinua sauti, wala uso wake haukuonyesha kushinda. Alionekana amechoka.

"Ni vile nilisema," akasema. "Ni vile vile nilisema, na mulisema Sumaili iko na wivu."

Hapo ndipo Chimène alipoelewa. Akayarudia maneno yake kichwani. Kitu kinachokaa ndani bila kazi. Kinachokula jamaa zake wa ndani ili kiwe kizima. Kisichokubali kutupwa, kinachopita kwa mama kwenda kwa mabinti na kuzuia wanaume wasizaliwe. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilikuwa limevuka baraza kwenda kukaa upande wa Sumaili. Alikuja na dawa, akakuta amewapa jina la ugonjwa.

Ayoubu akajifuta jicho lenye ukungu. "Ile samaki ilitoka wapi?"

Hakuna aliyekuwa hajui. Kulikuwa na wanawake pale waliokipokea kile chungu siku ya harusi na kupiga vigelegele.

"Chimène, wewe ni mutoto wa kule. Maji ya kwenu umeyatazama?"

"Nimetazama."

"Kule iko, ao haiko?"

Simu ilikuwa mkononi mwake, na picha ndani ya simu. Jibu alilokuwa akitabasamu nalo njia nzima lilikuwa limemfika kooni: iko, ni ya kale, haina kosa la mtu. Sasa aliona litakavyopokelewa. Iko kule, basi ilikuja ndani ya chungu, basi iliingia na bibi-arusi, ikakaa majini na ikakaa tumboni mwake, na kabla ya jua kuzama Victorine atakuwa nyuma ya pikipiki na kifurushi chake, na mabinti zake wamebaki kwenye mkeka wa shangazi zao. Akamtazama mama yake mdogo. Victorine hakumtazama. Alikuwa akiangalia viganja vyake, kama mtu anayetafuta ndani yake kitu alichoambiwa kipo.

Huko Kisangani alifundishwa kusema alichokiona, chote, hata kikimharibia kazi. Alilipenda sana fundisho hilo. Lilikuwa ndilo heshima yake.

"Haiko," akasema.

"Onyesha," akasema Sumaili.

Kidole chake kiliruka picha moja, kikafungua iliyofuata: dume wa kijitoni, mmoja wa wale wasio nacho. Vijiti viwili viwili, vimetulia, hakuna cha ziada. Samaki yule alikuwa wa kweli, alitoka kwenye maji hayo hayo. Simu ikapita mikononi, wazee wakiisogeza karibu na macho kisha mbali, na wote wakaona viwili viwili. Ikarudi kwake ina joto la viganja vya watu.

Alidhani yamekwisha. Alidhani uongo ukishasemwa unakaa pale ulipowekwa.

"Kama kule haiko," Ayoubu akasema, "na hapa iko, basi ilianzia hapa. Mu maji yetu." Akawageukia watu. "Madume yalianza kupunguka wakati gani?"

Mwanamke mmoja akasema walianza kupungua mavuno ya kwanza baada ya Abdoul. Mwingine akaitikia. Zamani za Abdoul madume walikuwa tele, Sumaili mwenyewe alikuwa akipelekewa wa kujaza sinia. Si kweli kabisa. Hata enzi za Abdoul walikuwa wameanza kuadimika, Chimène alikumbuka. Lakini watu walikuwa wameshaanza kukumbuka kwa pamoja, na kukumbuka kwa namna hiyo hakuzuiliki.

"Iko peke yake," Ayoubu akasema. "Haina mwenzake. Inakatala kutupwa." Akamgeukia Sumaili. "Mutoto wetu Abdoul hatukumuzika. Tulizika mugomba."

Upepo haukuvuma, wala jua halikuingia mawinguni. Ilikuwa alasiri ya kawaida. Lakini Chimène aliona kitu kikitengenezwa mbele ya macho yake, vipande kwa vipande, na kipande cha kwanza kilitoka kinywani mwake.

Sumaili alisimama kama anayetaka kupinga, kisha akaketi chini sakafuni. Wote walijua jambo ambalo hakuna aliyelisema tangu matanga: yeye ndiye aliyemwambia Abdoul aende Salamabila. Alimcheka mbele za watu kwamba ni mwanaume wa kukaa na samaki na mabinti. Sasa alijifunika uso kwa kanzu yake.

"Ndogo yangu," akasema. "Alifuata maji. Alirudia nyumba yake kwa maji, na miye nilikuwa namudai samaki."

Akalia, na wazee wakamwacha alie. Ndipo Victorine alipoinua uso. Alimgeukia Chimène peke yake, na uso ule ulikuwa wazi kuliko Chimène alivyowahi kuuona tangu msiba.

"Ni yeye?" akauliza.

Palikuwa na nafasi ya kusema hapana. Neno moja tu. Lakini hapana hiyo ingekuwa na maelezo yake, na maelezo yangerudi hadi kwenye chungu. Chimène akatazama chini, na kimya chake kikapokelewa kama jibu.

Shauri likaisha hivyo. Victorine alibaki nyumbani kwake na mabinti zake. Bwawa halitakaushwa tena. Atakayehitaji samaki wa mboga atavua kwa ndoano, kwa adabu. Sumaili hatadai dume.

Chimène alirudi Kasongo, akafundisha, akasahihisha mitihani. Vile vioo vya zambarau hakuviosha, ijapokuwa chuo kilikuwa na uhaba wa vioo. Alivifunga kwenye kitambaa na kuvisukuma ndani kabisa ya kabati. Alipofika kwenye somo la kromosomu alilipitia haraka, na mwanafunzi mmoja alipouliza kama hutokea zikazidi, alisema ataeleza siku nyingine. Aliogopa. Yeye aliyekuwa akiwacheka wenzake wanaoogopa makaburi, alikuwa anaogopa kioo cha ukubwa wa kidole. Alijua kilichomo. Alijua kwamba ni chembechembe tu zisizojua jina la mtu. Lakini kila alipopita karibu na kabati alihisi anatazamwa na mtu aliyemzoea.

Mvua zilikuwa zimeanza Victorine alipopiga simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi, yenye kicheko ndani yake.

"Chimène, mama, uniletee madume. Toka ile siku hakuna mutoto hata moja mu maji. Hawa mama wanazeeka. Wakikufa wote, yeye ataenda wapi?"

Chimène alikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya simu kukatika. Mama yake mdogo alikuwa ameliona mwenyewe, bila hadubini: kitu kile hakiwezi kuishi peke yake. Kinawamaliza madume ambao bila wao hakiwezi kuendelea. Katika mto hupata madume wa kuazima. Katika bwawa lililofungwa kitajimaliza. Ingetosha kutofanya chochote. Miaka michache, bwawa litakuwa tupu, na uongo utakufa kifo chake bila mtu kuushika mkono.

Lakini huyo aliyesema "ataenda wapi" alikuwa amefiwa mara moja tayari. Chimène aliamua kwenda kumwambia kweli, uso kwa uso, yeye peke yake. Na kwa kuwa hakuweza kwenda mikono mitupu, akapitia kwa mfugaji mmoja wa Kasongo, akachukua madume wachanga kwenye bidoni, dumu la plastiki lenye maji. Njiani alimsimamisha dereva kila kwenye kijito, wakabadilisha maji. Dereva alimuuliza samaki hawa wanakwenda kufanya nini huko ambako samaki wapo. Akasema wanakwenda kuoa, na dereva akacheka hadi wakakaribia kuanguka.

Alimkuta Victorine amenawiri. Mashavu yamejaa, nyumba imesakafiwa upya. Mke wa Sumaili alikuwa jikoni kwake akitwanga sombe, majani ya muhogo, kana kwamba hapakuwahi kutokea neno. Walikula, wakazungumza habari za masomo ya Sonia, wakalala. Asubuhi Victorine akachukua bakuli la pumba za muhogo na wakashuka wawili hadi bwawani, Chimène amebeba bidoni.

Alipoinamia ukingo kumimina, madume wale wachanga waliteleza majini mmoja mmoja na kupotea. Akafuta mikono. Sasa, akajiambia.

"Mama mudogo, iko neno nataka kukuambia. Ile siku ku baraza..."

"Najua," Victorine akasema.

Chimène akageuka kumtazama.

"Miye njo nilibeba ile chungu. Nilikulaka samaki ya kule kwetu toka utoto. Kule pia madume yalikuwa machache, mama yangu alikuwa anasema vile. Haukuwaambia sababu ulinihurumia." Alikuwa akikoroga pumba kwa kidole, bila haraka. "Uliwadanganya wao. Miye haukunidanganya."

"Basi unajua siyo yeye."

Victorine akamtazama kwa upole, kama enzi zile alipokuwa mtoto anayekataa kula.

"Nilienda mara moja tu ku kaburi ya mugomba. Niliita. Hakuna kitu. Hapa ninaita, wanakuja." Akarusha pumba majini. "Baba Sonia. Dokta wako amefika."

Maji yakatikisika. Kutoka chini kwenye kiza cha tope wakapanda wale majike wazee, wanene, wengi kuliko Chimène alivyotarajia, wakajipanga ukingoni na kufumbua vinywa. Samaki anayelishwa kila siku hujifunza sauti ya anayemlisha. Hilo liko kwenye vitabu, na yeye mwenyewe alikuwa amelifundisha. Alilikumbuka lote, neno kwa neno. Na katika kila mmoja wao, katika kila chembe ya kila mmoja wao, kulikuwa na kitu kimoja kisicho na mwenzake, kilichokataa kutupwa.

"Musalimie," Victorine akasema.

Chimène akapiga magoti kwenye tope. Alitaka kusema hapana, na badala yake machozi yakamtoka, yale ya tangu Kisangani, yakamtoka bila aibu wala kipimo.

"Jambo, baba," akasema. "Ni miye. Samahani sikukuja."

Vinywa vikafunguka na kufungika juu ya maji. Victorine alikuwa amemwinamia, mkono begani mwake, anasikiliza pamoja naye.

"Ameitika?" akauliza.

"Ameitika," Chimène akasema, na hakujua tena kama alikuwa anadanganya.